Barua ya Wazi kwa Magavana wa Benki Kuu: Mteja Ajue Benki Iliyoadhibiwa na Kosa Lake

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya na Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania

Waheshimiwa Magavana,

Saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi, Novemba 5, 2016, wezi walianza kuchota fedha katika akaunti za wateja wa Tesco Bank ya Uingereza. Hapakuwa na mlango uliovunjwa wala bunduki iliyoonyeshwa. Walikuwa na namba za kadi, na miamala yao mingi ilipitia Brazil. Ilipofika saa 10 alfajiri, mfumo wa benki wa kutambua ulaghai ulianza wenyewe kuwatumia wateja ujumbe mfupi, ukiwataka wapige simu kuhusu miamala yenye mashaka. Wateja wakapiga. Wingi wa simu zao ndio uliowashtua wafanyakazi na kuwafanya watambue kwamba benki inaibiwa.

Kilichofuata kinasikitisha. Utaratibu ulitaka mtaalamu wa ulaghai aliye zamu apigiwe simu. Badala yake wafanyakazi walituma barua pepe kwenye sanduku la kitengo hicho, tena mwishoni mwa juma. Zilipita saa 21 tangu shambulio lianze ndipo kitengo kikapatikana. Kilipopatikana, kilitunga amri ya kuzuia miamala kutoka Brazil, lakini aliyeiandika aliingiza msimbo wa sarafu ya yuro mahali palipotakiwa msimbo wa nchi ya Brazil. Amri haikuzuia kitu, na saa kadhaa zikapita kabla ya yeyote kugundua kwamba haifanyi kazi. Shambulio lilidumu saa 48, likagusa akaunti 8,261, na wezi wakaondoka na pauni milioni 2.26.

Barua hii imeanza na kisa hicho kwa sababu moja. Kila jambo lililoelezwa hapo juu liko wazi kwa yeyote anayetaka kulijua. Halikuvujishwa na mfanyakazi mwenye kinyongo, wala halikuchimbuliwa na mwandishi wa habari za uchunguzi. Liliandikwa na msimamizi mwenyewe, yaani FCA, mamlaka ya Uingereza inayosimamia mienendo ya taasisi za fedha. Oktoba 1, 2018, mamlaka hiyo iliitoza Tesco Bank faini ya pauni milioni 16.4, zaidi ya mara 7 ya kiasi kilichoibwa, kisha ikachapisha uamuzi wake wote, kosa kwa kosa, saa kwa saa.

Ukisoma uamuzi huo unaelewa kwa nini faini ilikuwa kubwa hivyo. Visa ilikuwa imeionya benki hiyo mwaka mmoja kabla kuhusu aina hiyo hiyo ya wizi. Benki ikazuia miamala hiyo kwenye kadi za mkopo, ikaacha kadi za kawaida za akaunti wazi. Namba za kadi zilitolewa kwa kufuatana, kwa hiyo aliyejua moja aliweza kukisia inayofuata. Mfumo ulipokagua tarehe ya mwisho wa kadi, uliridhika ilimradi tarehe hiyo haijapita. Haukujali kama ndiyo tarehe halisi iliyoandikwa kwenye kadi ya mteja. Uhalifu wa kutisha uliotendwa na watu wenye akili za ajabu, ukiuchambua, unakuta ni milango mitatu minne iliyoachwa wazi na watu waliokuwa wakilipwa kuifunga. Mkaguzi wa ndani wa benki yoyote ya Mombasa, Mwanza au Kigali anaweza kuuchukua uamuzi ule leo na kuuliza kazini kwake: sisi namba zetu za kadi zinafuatana? Nani anapigiwa simu Jumamosi usiku?

Waheshimiwa, mwananchi akitafuta uamuzi wa namna hiyo kuhusu benki ya Nairobi au Dar es Salaam, hataupata.

Kanuni zipo. Agosti 2017 Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa mtandao kwa mabenki. Mwongozo huo uliweka jukumu mezani pa bodi ya wakurugenzi, ukataka kila taasisi iwe na afisa mkuu wa usalama wa taarifa, na ukaagiza tukio kubwa liripotiwe kwa Benki Kuu ndani ya saa 24. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kwa hiyo taarifa zinawafikia. Mnajua ni benki gani ilidukuliwa, lini, na kwa uzembe gani. Asiyejua ni mwenye fedha. Ripoti ya kila mwaka ya usimamizi wa benki ya Kenya hueleza idadi ya benki zilizokiuka sheria na miongozo, majina hayatajwi. Muuza samaki wa Feri na mama mboga wa Gikomba wanachagua pa kuweka akiba yao kwa kuangalia mabango barabarani.

Nanyi mnaweza kutaja majina mkitaka. Septemba 2018 Benki Kuu ya Kenya iliziadhibu benki 5 zilizopitisha fedha zilizoporwa katika mradi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa bila kuuliza maswali yanayotakiwa na sheria ya utakatishaji fedha. KCB ilitozwa shilingi milioni 149.5, Equity milioni 89.5, Standard Chartered milioni 77.5, Diamond Trust milioni 56 na Co-operative milioni 20. Jumla ni shilingi milioni 392.5. Mwaka uliofuata Benki Kuu ya Tanzania nayo ikazitoza benki 5 karibu shilingi bilioni 1.9 za Tanzania kwa kosa la aina hiyo, na majina yakatangazwa. Mabenki hayakuanguka. Wateja hawakupanga foleni mlangoni kudai chao. Kilichotokea ni kwamba kila afisa wa tawi, kuanzia Lodwar hadi Songea, alijifunza kuuliza fedha nyingi hivi zimetoka wapi.

Kama fedha chafu zinazoingia benki zinastahili tangazo, fedha halali zinazoibwa ndani ya benki zinastahili vipi ukimya?

Jibu linalotolewa ni hofu, na si hofu ya kupuuzwa. Kenya inaikumbuka Aprili 2016. Maneno yalienea kwenye simu kuhusu Chase Bank, watu wakakimbilia kutoa fedha zao, na Aprili 7 benki ikawekwa chini ya mrasimu. Msimamizi aliyeshuhudia hayo ana haki ya kuogopa neno moja lililotamkwa vibaya. Lakini kisa hicho kikitazamwa vizuri kinafundisha jambo jingine. Vitabu vya benki ile vilikuwa na kasoro kweli, na uvumi ulipata nafasi kwa sababu taarifa rasmi zilichelewa na zilikinzana. Isitoshe, hakuna anayeomba benki itangazwe usiku ule ule inaposhambuliwa. Uamuzi kuhusu Tesco Bank ulitoka karibu miaka miwili baada ya wizi, mianya ikiwa imezibwa na wateja wamerudishiwa fedha zao. Wakati huo tangazo halimsaidii mwizi. Linawasaidia mabenki mengine.

Kuna hoja ya pili, kwamba ukiadhibu udhaifu wa kinga, mabenki yataanza kuficha mashambulio. Hii nayo ina jibu ndani ya uamuzi ule ule. Faini ya Tesco Bank ingefika pauni milioni 33.5. Ilipunguzwa hadi 16.4 kwa sababu benki ilishirikiana na msimamizi, ikawafidia wateja na kukubali kosa mapema. Aliyesema ukweli alipunguziwa nusu. Wekeni bei hiyo wazi hapa kwetu: benki iliyoripoti ndani ya saa 24, ikafungua vitabu vyake na kuwalipa wateja, ipunguziwe sana, iliyoficha na kugunduliwa baadaye itozwe kwa ukamilifu, na kuficha kwenyewe kuhesabiwe kuwa kosa la pekee.

Sasa ukubwa wa adhabu. Hapa barua hii inaomba ruhusa ya kupiga hesabu kidogo.

Marekebisho ya sheria yaliyotiwa saini Kenya mwezi Desemba 2024 yalipandisha kikomo cha faini kwa benki kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 20, au mara 3 ya faida iliyopatikana ama hasara iliyokwepwa kwa kuvunja sheria. Ni hatua ya kupongezwa. Kwa mwaka huo huo wa 2024, kundi kubwa la kibenki la nchi hiyo, KCB, lilitangaza faida baada ya kodi ya shilingi bilioni 61.8. Kundi hilo limetajwa hapa kama kipimo tu, halijatuhumiwa kitu. Gawanya faida hiyo kwa siku za mwaka, kisha kwa saa za siku, utapata takribani shilingi milioni 7 kwa saa. Faini ya milioni 20 ni faida ya saa zisizofika 3. Meneja akiingia kazini asubuhi, kabla ya chakula cha mchana faini imekwisha kulipika. Ni kweli makosa mengi yakijumlishwa kiasi hukua, kama ilivyoonekana mwaka 2018. Ni kweli pia kipo kifungu cha mara 3. Ila aliyeacha kununua kinga hakupata faida inayoonekana kwenye daftari. Alibana matumizi kimya kimya, na bodi ikampigia makofi kwa kupunguza gharama. Kubana huko kutapimwaje mbele ya mahakama?

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina kasoro iliyo wazi zaidi. Inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, na inasema kitozwe kile kilicho kidogo. Ulaya waliandika kinyume chake: yuro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima, kitozwe kilicho kikubwa. Chini ya sheria yetu shule iliyochapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi ilitozwa shilingi milioni 4.55 mwaka 2023, na benki yenye mamilioni ya wateja ikivujisha taarifa zao zote haiwezi kutozwa zaidi ya milioni 5. Mtoto wa darasa la nne anaona kwamba hapo pana tatizo. Tanzania kikomo cha faini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni shilingi milioni 100, na kwa benki kubwa ya Dar es Salaam kiasi hicho ni gharama ya mabango ya msimu mmoja. Sheria hizi hazimo mikononi mwenu peke yenu, lakini wabunge huwasikiliza magavana kuliko wanavyomsikiliza mteja.

Hata hivyo fedha si fimbo pekee, na huenda si fimbo kali kuliko zote. Faini ya benki hulipwa na wanahisa, na mwisho wa yote hurudi kwa mteja katika makato ya huduma. Wasimamizi wa nchi nyingine wameligundua hilo, wakatafuta njia ya kumfikia mtu mwenyewe.

Korea Kusini iligundua kwa uchungu. Januari 2014 ilibainika kwamba fundi mmoja wa kampuni ya kukadiria mikopo, aliyepewa kazi ndani ya kampuni 3 za kadi, KB Kookmin, Lotte na NH Nonghyup, alinakili taarifa za makumi ya mamilioni ya wateja kwenye flashi na kuziuza. Faini ya juu iliyokuwepo kisheria ilikuwa won milioni 6 kwa kila kampuni, fedha ambazo hazifiki hata dola 6,000. Ilikuwa aibu. Basi msimamizi akashika panapouma: kuanzia Februari 17 kampuni zote 3 zikapigwa marufuku kusajili wateja wapya kwa miezi 3. Wakuu wa kampuni hizo wakajiuzulu. Hapakuwa na benki ya Seoul ambayo haikuelewa ujumbe huo.

Singapore ilifanya jambo linalofanana na hilo. Mifumo ya benki ya DBS ilipokatika mara kwa mara mwaka 2023, mamlaka ya fedha iliizuia kwa miezi 6 kufanya mabadiliko ya mifumo yasiyo ya lazima, ili kwanza itengeneze iliyonayo. Bodi ya DBS yenyewe ikapunguza marupurupu ya mtendaji mkuu wake kwa asilimia 30, zaidi ya dola milioni 4 za Singapore. Huko Uingereza, benki ya TSB ilihamisha akaunti za wateja milioni 5.2 kwenye mfumo mpya mwezi Aprili 2018 bila maandalizi ya kutosha, huduma zikavurugika kwa wiki nyingi. Benki ilitozwa pauni milioni 48.65 mwaka 2022. Mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wake wa teknolojia, Carlos Abarca, alitozwa binafsi pauni 81,620 kwa kutohakikisha kwamba mkandarasi yuko tayari. Visa hivi viwili havikuanzia kwa wadukuzi. Lakini funzo lake linahusu usalama moja kwa moja: aliyetia saini kwamba mfumo uko salama ndiye anayeulizwa.

Kwetu, mara nyingi anayeulizwa ni mteja. Fedha zikitoweka, jambo la kwanza analoambiwa kwenye kaunta ni kwamba hakutunza namba yake ya siri. Huenda laini yake ya simu ilibadilishwa na mtu mwingine dukani bila yeye kujua. Huenda mfanyakazi wa ndani aliuza taarifa zake. Yeye hana njia ya kuthibitisha, kwa sababu kumbukumbu zote za mfumo ziko kwa benki. Anarudi nyumbani na karatasi ya malalamiko yenye muhuri, na ada ya shule ya watoto imekwenda. Katika kila kisa cha namna hii benki ndiyo itakiwe kuthibitisha kwamba mfumo wake haukuwa na kosa, na ikishindwa imrudishie mteja fedha zake ndani ya siku zinazojulikana. Faini huingia katika mfuko wa serikali. Wizi ulikuwa wa mtu.

Wezi wenyewe hawajali mipaka yetu. Mwaka 2019 Kigali ilikamata genge lililojaribu kuingia katika mifumo ya Equity Bank ya Rwanda, na mahakama ikawahukumu watu 12 kifungo cha miaka 8: Wakenya 8, Wanyarwanda 3 na Mganda 1. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitimia kwenye kizimba kabla haijatimia kwenye ofisi za wasimamizi. Kosa lililogunduliwa Nairobi Jumatatu halina budi kujulikana Dodoma, Kampala na Bujumbura Jumanne, kwa sababu mabenki mengi makubwa ni yale yale.

Haifai pia barua hii inyamazie benki kuu zenyewe. Februari 2016 wadukuzi walijaribu kuiibia Benki Kuu ya Bangladesh dola milioni 951 kupitia akaunti yake ya New York. Dola milioni 81 zilipita hadi kwenye tawi moja la benki ya RCBC huko Makati, Ufilipino, kisha zikayeyukia kwenye kasino. Msimamizi wa Ufilipino aliitoza RCBC peso bilioni 1 kwa kuzipokea na kuziachia. Novemba 2024, karibu zaidi na nyumbani, waziri Henry Musasizi alilithibitishia Bunge la Uganda kwamba akaunti katika Benki Kuu ya nchi hiyo ziliingiliwa, na miezi michache baadaye maofisa wa serikali wakafikishwa kortini. Anayekagua kinga za wengine akaguliwe naye na mtu wa nje, na muhtasari wa ukaguzi huo usomwe bungeni. Ombi hili halina dharau. Mabenki yatatii haraka zaidi yakiona msimamizi ametangulia.

Kuna wadogo pia wa kufikiriwa. Benki ndogo na chama cha akiba na mikopo cha walimu wa wilayani hawana uwezo wa kuajiri wataalamu kama benki kubwa, na faini ya kufanana ingewazika. India ilikutana na hali hiyo. Benki ya ushirika ya Mahesh, ya Hyderabad, iliibiwa zaidi ya rupia milioni 120 Januari 2022, na mwaka uliofuata Benki Kuu ya India ikaitoza rupia milioni 6.5. Ilikuwa adhabu inayouma bila kuua. Kiwango cha chini cha kinga kinapaswa kuwa kimoja kwa wote, maana shilingi ya mwalimu ni shilingi; faini ndiyo ifuate ukubwa wa taasisi.

Mengi ya haya yatahitaji kanuni mpya, vikao na subira. Moja halihitaji kusubiri. Ripoti zenu zijazo za usimamizi wa benki zitaje kila benki iliyoadhibiwa kwa udhaifu wa kinga za mtandao, kiasi ilichotozwa, kosa lililotendeka na tarehe lilipozibwa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mlitaja majina mwaka 2018 na 2019 kwa kosa jingine. Tajeni na kwa hili.